Mafuta Yanayosimama

Nyumbani kwetu mafuta hayakuaminiwa mpaka yasimame. Mama alikuwa akiacha samli kwenye kikombe cha bati ipoe usiku kucha, asubuhi anakigeuza kikombe juu chini mbele ya mgeni au mnunuzi. Isipodondoka, ni safi. Ikitiririka, imechanganywa na kitu, na aliyeileta ataona haya mbele ya kijiji kizima. Kipimo hicho mama alikipata kwa mama yake, naye kwa mkwe wake, na sijawahi kumsikia mtu wa kijiji chetu cha Kasoli akikibishia. Mimi nilikijua kabla sijajua kusoma.

Nakieleza mapema kwa sababu yaliyotokea baadaye yote yalipitia humo. Watu wakisikia nilifanya kazi ya utafiti wa mafuta wanadhani nitawapa habari za maabara. Maabara sikuiona hata mlango wake. Nilichokiona ni jiko la mama yangu, nikakosea humo humo, na kosa lenyewe nikalisifia kwa mdomo wangu.

Samli yetu haikuwa nyingi, maana ng'ombe hawakuwa wengi. Mama alikusanya maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu kikubwa kilichoning'inizwa kwa kamba barazani, akakaa kwenye kigoda akikisukuma mbele na nyuma, mbele na nyuma, huku anapiga soga na kila anayepita njiani. Siagi ikishakusanyika anaitoa, anaichemsha polepole mpaka povu linaisha, na harufu inafika hadi kwenye shamba la pamba. Siku ya samli baba hakuhitaji kuambiwa. Siku hiyo hakuchelewa shambani hata kidogo.

Alikuwa na namna yake ya kula. Ugali ukishawekwa, anabonyeza kishimo kwa kidole gumba, mama anamimina humo kijiko cha samli, na baba anaanza kula kwa pembeni, anazunguka, anakisogelea kishimo taratibu, katikati anapaacha pawe pa mwisho. Tulipokuwa watoto tulimcheka sana. Lakini ukirudi kutoka safari, iwe shule ya bweni au kwa shangazi kule Maswa, kishimo cha kwanza siku hiyo kilikuwa chako, na hakuna aliyekuuliza habari za huko kabla hujala. Baba hakuwa na maneno mengi. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake.

Mimi aliniita mayu, yaani mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Kwetu mtu akibeba jina anabeba na heshima yake. Toka nikiwa mtoto wa makamasi, mzee yule aliyeogopwa na vijana wote wa kitongoji chetu aliniamkia kila asubuhi, "Mwangaluka, mayu," na mimi namjibu kwa sauti ya bibi kizee, "Mhola, mwanangu." Nikilia, anawaambia wenzangu mama yake kakasirika, wampishe kiti. Nilizoea kusikilizwa. Nadhani mdomo wangu ulianzia hapo, na mdomo ninao, sikatai.

Mwaka niliomaliza stashahada ya lishe, wakati wa kuvuna pamba, baba aliangusha furushi alilokuwa amebeba na akashindwa kuliokota. Mkono wa kulia ulikataa. Mdomo ukaenda upande. Tukamkimbiza hospitali mjini Bariadi, tukaambiwa ni kiharusi, kidogo, ana bahati, na presha yake ilikuwa imekaa juu miaka mingi bila mtu kuijua. Daktari akamwandikia vidonge vya kila siku. Akamwambia chumvi apunguze, na mafuta ya wanyama apunguze.

Apunguze, alisema daktari. Mimi niliyesimama nyuma ya kiti na cheti changu kisichokauka wino nikasikia aache.

Tulipofika nyumbani niliwakalisha uani, mama na baba, nikawahutubia. Sina neno jingine, niliwahutubia. Nikawaeleza habari za mishipa ya damu na lehemu, yaani kolesteroli, jinsi inavyojishikiza ndani ya mshipa kama masizi kwenye dohani, mpaka damu inakosa pa kupita. Nikaona macho yao yanaanza kupotea, basi nikafupisha. Ya ng'ombe hapana, ya mmea ndiyo. Mama akalirudia hilo kwa sauti ya chini mara tatu, kama mtu anayekariri aya ya kipaimara.

"Kwa hiyo hata kidogo?" baba akauliza.

"Hata kidogo."

"Hata siku ya mgeni?"

"Baba, mshipa wa damu haujui mgeni."

Nilijiona nimesema jambo. Baba akacheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa bado inamtii, akaniambia, "Haya, mayu."

Mama siku zote ni mtu wa kutenda. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe sokoni Bariadi kutafuta mafuta ya mmea. Huko akaonyeshwa ya alizeti na ya pamba, kwenye chupa na kwenye madumu ya kupima. Alizigeuza chupa zile moja baada ya nyingine, na ndani kila kitu kikakimbia kama maji. Akaingiwa na wasiwasi. Pamba tunalima wenyewe, mbegu zake tunazijua, lakini yale ya kwenye dumu nani anajua yamewekwa nini? Akazunguka soko zima mpaka akaiona ndoo ya manjano yenye picha ya jani. Akamwomba muuzaji aifungue. Ndani mafuta meupe, magumu. Akachovya kidole, akainamisha ndoo, akaipindua kabisa. Hayakudondoka. Akamsihi muuzaji amsomee maandishi, akamsomea mara mbili: mafuta ya mimea, hayana lehemu.

Aliipakata ndoo ile kwenye pikipiki mpaka nyumbani, na nilipokuja mwisho wa wiki akaniita jikoni kabla sijakaa.

"Ya mmea," akaniambia, "na yanasimama."

Sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa ametafuta njia ya kunitii mimi bila kumsaliti mama yake, na ameipata. Nikasoma maandishi kwenye ndoo. Nikamwambia, "Hapo sasa, mama. Mtihani umeupita."

Na mimi nilikuwa nimefundishwa. Ndilo linalonichoma. Darasani kulikuwa na ukurasa mzima: jinsi kiwanda kinavyochukua mafuta ya mimea yanayotiririka na kuyafanya yagande, na jinsi asidi za mafuta ndani yake zinavyogeuzwa umbo, na kwamba hizo zilizogeuzwa zikiingia mwilini zinapandisha lehemu mbaya na kushusha nzuri, zinafanya kazi mbili za uovu kwa wakati mmoja. Hayana lehemu, ni kweli kabisa, hakuna mmea wenye lehemu. Ila yanakwenda kuiamsha ya kwako mwenyewe. Niliyaandika hayo kwenye mtihani nikapata alama. Lakini ukurasa ule ulibaki chuoni. Jikoni kulikuwa na mama aliyenitii, na kutiiwa ni kutamu, kunapumbaza.

Siku za mwanzo baba aliendelea kubonyeza kishimo chake kwa mazoea. Mama akawa anamyeyushia kijiko kutoka kwenye ndoo na kummiminia. Lakini mafuta yale hayakuwa na subira. Ugali ukianza kupoa, yenyewe yameshaganda juu yake, meupe, yanamng'ang'ania kwenye kaakaa. Baba hakulalamika. Siku moja nikaona habonyezi tena. Anakata tonge, anachovya kwenye mlenda, anameza, anakunywa maji. Niliona, sikuuliza.

Kibuyu cha kusukia maziwa nacho kikaachishwa kazi. Maziwa yakawa yanauzwa mabichi, na ndani ya kibuyu mama akahifadhi mbegu za choroko.

Mwaka uliofuata ukaja utafiti. Chuo kimoja cha mbali kilitaka kujua watu wa mkoa wetu wanapikia mafuta gani, mafuta hayo yana asidi za namna gani ndani yake, na mioyo yao ina hali gani. Walihitaji wadodosaji wanaojua Kisukuma. Nikachukuliwa. Mkuu wetu alikuwa mama mmoja wa Tanga, mtaratibu, mwenye miwani inayoning'inia kifuani, aliyesema "tafadhali" hata anapokukaripia. Alitufundisha siku kadhaa jinsi ya kumwuliza mtu amekula nini jana tangu alipoamka mpaka alipolala, jinsi ya kukadiria mafuta kwa vijiko, na jinsi ya kuchota sampuli kwenye kichupa na kuiweka kwenye sanduku la barafu.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Ukimwuliza mwanaume wa Kisukuma sufuria ya jana iliingia vijiko vingapi, anakutazama kama umemwuliza rangi ya sidiria ya mkewe. Na wanawake wote wanapikia mafuta ya kawaida. Kawaida yapi? Ya kawaida tu. Kule Lamadi, kando ya ziwa, tulikuta wanaokaangia samaki mafuta yaliyotoka kwa sangara mwenyewe, mkuu wetu akafurahi siku nzima, akisema mafuta ya samaki ni rafiki wa moyo. Huku kwetu bibi mmoja alikataa katakata kufungua mdomo. Akaniambia mtu hafunui chungu cha mwenzake kabla hajafunua cha kwao. "Kwenu mnakula mafuta gani?" Tulikuwa tumekatazwa kushauri, lakini kujibu hatukukatazwa, basi nikamjibu. Nikamweleza ndoo ya mama, na jani lake, na baba anavyoendelea vizuri. Nilimweleza kwa maringo. Sijui kama na yeye alikwenda kununua. Siku hizi nikipita njia ile naangalia upande mwingine.

Kabla ya kuanza, kila mmoja wetu alitakiwa afanye mazoezi nyumbani kwao, ajaze dodoso moja na alete kichupa kimoja cha mafuta. Nilimkalisha baba barazani. Mkono wake wa kulia aliuweka mapajani, kama kitu cha mtu alichopewa atunze.

"Jana asubuhi ulikula nini?"

"Uji."

"Mchana?"

"Nilikula ulichosema."

"Baba, hilo siwezi kuliandika. Lazima niandike chakula."

"Andika hivyo hivyo. Nilikula ulichosema."

Tukacheka wote wawili. Nikaandika ugali, mlenda, mafuta ya mimea, kijiko kimoja. Dodoso lile lilikuwa na kurasa nyingi, limeuliza mpaka idadi ya milo na aina ya kuni, lakini halikuwa na swali la kama chakula kilikuwa kitamu. Kisha nikaingia jikoni, nikachota kwenye ndoo ya manjano, nikajaza kichupa, nikakibandika karatasi ya namba na neno mazoezi. Mama alisimama pembeni ananitazama kwa fahari, mafuta yake yanakwenda kupimwa na wasomi.

Baba alifariki wakati wa palizi. Alianguka asubuhi karibu na zizi, safari hii upande wote ukafa, akalala hospitali siku mbili bila kusema neno, ya tatu akatuacha. Mimi niliyezoea kuitwa mayu kila asubuhi nilikaa kando ya kile kitanda nikimwamkia mimi, "Mwangaluka, mwanangu," na hakuna aliyenijibu. Kuna maumivu yanakufanya ulie. Yale yalinifanya nikae tu.

Msibani mama alijikaza kwa jambo moja. Kila aliyekuja kumpa pole, mama alimwambia, "Mzee alikula alichoandikiwa mpaka mwisho. Hatukumlegezea hata siku moja. Mwanetu huyu alitusimamia." Wanawake wakatikisa vichwa, wakasema amefanya wajibu wake, Mungu ndiye aliyepanga. Mama akapata mahali pa kuegemea. Na nisiwe mnafiki, mimi pia niliegemea hapo hapo. Nilijiambia angalau kwa upande wa chungu hatuna deni na mtu.

Majibu ya maabara yalikuja mvua zimekwisha. Mkuu wetu alituita ofisini Bariadi, akafungua jedwali kwenye kompyuta, akaanza kutueleza safu kwa safu: ya alizeti, ya pamba, ya mawese, samli, ya samaki wa ziwani. Vichupa vya mazoezi navyo vilikuwa vimepimwa, maabara haikutaka kuvitupa. Akafika kwenye mstari mmoja akasimama. Akavaa miwani.

"Haya ni ya nyumba gani?" akauliza. "Hakuna yaliyo na asidi zilizogeuzwa kama haya katika yote tuliyokusanya. Haya ni mabaya, jamani."

Niliisoma namba. Nikaisoma tena.

"Ni ya kwetu," nikasema.

"Na anayatumia nani?"

"Alikuwa anayatumia baba yangu."

Alijua nimefiwa, alikuja mwenyewe na kanga kumpa mama pole. Akawaomba wenzangu watoke. Akavua miwani, akanishika mkono, na akaanza kusema yale ambayo mtu mwema na mkweli anapaswa kusema. Kwamba baba alikuwa na presha ya miaka mingi kabla ya ndoo ile. Kwamba kuna umri, kuna chumvi, kuna vidonge, na nilikuwa nimemwambia mwenyewe jinsi baba alivyovisahau wakati wa kupanda. Kwamba hakuna daktari duniani anayeweza kuchukua kifo cha mtu mmoja na kukitundika kwenye ndoo moja.

"Utafiti unasema habari za watu wengi, mwanangu," akaniambia. "Hausemi habari za mtu mmoja."

"Na samli?" nikamwuliza.

Akalitazama tena jedwali. "Samli nayo si malaika. Mtu mwenye presha simshauri aimwage kwenye chungu. Lakini ukiniwekea hiyo ndoo na kijiko kidogo cha samli juu ya ugali, siku mojamoja, mimi ningechagua samli."

Nilimchukia kwa ukweli wake. Ilikuwa chuki ya dakika moja, kisha ikanirudia mwenyewe na haikutoka tena. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba yangu alikuwa mkuu aliyesikia la mdogo, na hakuna aliyetunga methali ya kumwonya.

Basi nikarudi nyumbani na jambo ambalo siwezi kulisema na siwezi kulinyamazia. Mama alikuwa bado anapikia ile ndoo. Ya tatu au ya nne sasa, sikumbuki, lakini ya rangi ile ile na jani lile lile. Aliwakaangia mandazi wajukuu, watoto wa kaka yangu, kila Jumapili kabla ya misa. Na kliniki walikuwa wamempima yeye mwenyewe wakamkuta na presha. Nikimwambia, nitamng'oa pale alipoegemea. Nisipomwambia, nitakuwa nimemzika mmoja na namchimbia wa pili. Hakukuwa na njia ya tatu, na mimi kwa ujinga wangu nikaitafuta.

Nikaanza ujanja. Nikamletea mafuta ya alizeti, chupa nzuri, nikamwambia ni zawadi kutoka ofisini. Akashukuru, akaigeuza, akaona yanakimbia, akaiweka juu ya kabati. Nilipokuja tena nikakuta anayapaka kwenye bawaba za mlango. Nikamwambia ndoo zile zimeadimika mjini. Kesho yake akatuma mtu na ndoo ikapatikana. Nikamwambia mandazi yanawaharibu watoto meno. Akaniambia wewe ulikula mandazi mangapi, na meno hayo ya kunisemea yametoka wapi? Mama yangu hashindwi kwa maneno.

Miezi ikapita hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo niliwahi kuiandika ubaoni kliniki kwa mkono wangu nilipokuwa mwanafunzi, na sasa ilikuwa inanitazama mimi. Kisha Jumamosi moja asubuhi nilimkuta mama amekaa na kanga imefungwa kichwani, anasema kichwa kinamgonga tangu juzi. Nikampima kwa kipimo changu cha presha. Nikampima mara ya pili, nikitumaini mashine imekosea. Haikuwa imekosea. Nilimpa dawa zake, nikakaa naye mpaka maumivu yakatulia, kisha nikaenda jikoni, nikaichukua ndoo, nikaja nayo barazani nikaiweka katikati yetu.

"Mama, haya mafuta ni mabaya," nikasema.

"Yamechacha?"

"Hayajachacha. Yalikuwa mabaya toka siku ya kwanza. Majibu ya kile kichupa yalirudi."

Nikamweleza. Safari hii sikuhutubia. Nilimwambia kwamba yametoka kwenye mmea kweli, yakiwa yanatiririka kama yale ya chupa, na kiwandani yakalazimishwa kusimama, na huko kulazimishwa ndiko kunakodhuru mwili. Nikamwambia kipimo cha bibi ni kizuri kwa samli, kwa sababu samli inasimama yenyewe, lakini bibi hakuwahi kukutana na kiwanda. Nikamwambia maandishi ya jani niliyasoma mimi, na nilikuwa nimefundishwa, na nilimsifia, na kwamba kama kuna mwenye kosa hapo, yeye siye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaivuta ndoo karibu, akaiinamisha, akaipindua kabisa. Hayakudondoka. Akairudisha chini.

"Na ya ng'ombe?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Yeye angeweza kula?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa na uongo tayari mdomoni, umeiva. Lakini nilishamdanganya miezi yote ile, na kabla ya hapo nilimpotosha miaka miwili kwa ukweli nusu nusu, na nikachoka.

"Kidogo," nikasema. "Kidogo angeweza."

Mama hakulia. Aliangalia kibuyu kinachoning'inia na choroko zake. Alipoanza kusema, sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anasimulia habari za jirani.

"Shangazi yako alikuja kutoka Maswa wiki ile aliyoanguka mzee. Alileta samli, chupa ndogo. Mimi nikaificha nyuma ya mtungi, lakini baba yako na pua yake, unamjua. Siku moja kabla hajaanguka, mchana, nimeweka ugali, nikaona anabonyeza kishimo. Alikuwa ameacha siku nyingi. Akaniambia, niwekee kidogo ya dada yangu."

Nilitaka anyamaze. Sikuwa na haki ya kumnyamazisha.

"Nikamwambia, mayu kakataza. Nilimwambia hivyo, maana nilijua lako hatalibishia. Akanitazama, akasema, basi, kama mayu kasema. Hakukasirika. Akaanza kula kwa pembeni vile vile anavyokulaga, anazunguka, anasogea, mpaka akafika pale katikati. Hamna kitu. Akanawa."